Je, wajua kwa nini pombe ya asali ukitengeneza nyumbani inatoka nyepesi?

Unachukua asali kilo moja na nusu, unaongeza maji mpaka lita 5, unatia hamira, unasubiri wiki kadhaa, halafu unaonja unakuta kitu chembamba, kikali, utamu wa asali hakuna kabisa, unabaki unajiuliza asali yote imeenda wapi. Imeliwa. Yote.

Asali karibu asilimia 80 ni sukari, na sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, sukari rahisi ambazo hamira haihangaiki nazo. Bia ya shayiri hubaki na mabaki ya wanga ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuyamaliza, ndo maana bia ina uzito mdomoni. Divai nyekundu nayo inapata ule ukakasi kwenye maganda na mbegu za zabibu. Asali haina ganda wala wanga, so hamira ikimaliza kazi unabaki na maji, kilevi na harufu kidogo. Piga hesabu mwenyewe: kilo moja na nusu ina sukari kama kilo 1.2, yaani gramu 240 kwa lita, na kila gramu 17 hivi zinatoa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo hamira ya divai ikila yote unafika kama asilimia 14. Kali kuliko divai nyingi na bado inapwaya mdomoni!

Sasa angalia pombe za asali za ukanda huu, nyingi zina kitu kingine ndani. Waethiopia kwenye tej wanaweka gesho, majani na vijiti vya kichaka fulani chenye uchungu, unaokata utamu na kuipa pombe mshiko. Wakikuyu kwenye muratina wanatumia tunda la mvungunya, lile refu linaloning'inia mtini, linapasuliwa, linachemshwa, linakaushwa, na nyuzi zake zinabeba hamira ya pombe iliyopita kwa hiyo likitoka linaanikwa linasubiri zamu nyingine (bichi lina sumu, usiende kuokota tu njiani ukatumbukiza kwenye ndoo). Wamaasai wanatumia mizizi ya mshubiri. Yaani asali peke yake haiwatoshi.

Wewe huna gesho wala mvungunya, ila majani ya chai unayo. Chemsha chai ya rangi nzito, kikombe kimoja, bila sukari, ipoe, mimina kwenye hizo lita 5 mwanzoni kabisa. Ladha ya chai huioni, unachopata ni ule ukakasi kwenye ulimi unaofanya kinywaji kionekane kina kitu ndani. Kwangu mimi hii ndo dawa ya kwanza, rahisi kuliko zote, na sijui kwa nini watu wanairuka wanakimbilia kuongeza asali.

Halafu kuna shida ya njaa. Asali ina naitrojeni kidogo mno, na hamira bila naitrojeni inahangaika, inaanza kutoa harufu ya yai viza au pombe inanukia kama petroli, kisha watu wanasema asali ilikuwa mbaya. Wengi wanatupia zabibu kavu kumi wanasema wamelisha, jamani, zabibu kumi hazilishi kitu. Chukua hamira ya mkate kijiko kimoja, ichemshe kwenye maji kidogo mpaka ife, ipoe, uweke kwa mafungu siku tatu nne za mwanzo, hamira hai itakula ile iliyokufa. Siku hizo hizo koroga kila siku gesi itoke, ila taratibu, ukikoroga kwa fujo povu linapanda linamwagika meza nzima. Ndimu usiweke mwanzoni, asali yenyewe tayari ina asidi na hamira inaongeza nyingine, ikizidi hamira inadoda. Weka mwishoni, matone matone huku unaonja.

Mashapo mazito ya kwanza yaache chini, hamishia pombe chombo kingine. Yale mepesi yatakayoshuka baadaye yakoroge mara moja moja, hamira iliyokufa inaachia vitu vinavyofanya pombe iwe laini mdomoni. Miezi kadhaa hapo, usiharakishe.

Utamu ukitaka kuurudisha, ongeza asali mwishoni, lakini elewa kwamba hamira iliyobaki itaamka na kuila, gesi itajaa, na chupa ya kioo iliyofungwa inaweza kupasuka ikakujeruhi. Kama huna dawa za kuizuia hamira, ongeza asali siku unayokunywa, au tumia chupa ya plastiki uiweke kwenye friji, ukiibonyeza ukaona imekuwa ngumu unalegeza kifuniko.

Na asali yenyewe chagua. Ile nyeusi nyeusi ya miombo, kama ya Tabora, inabaki na ladha hata sukari ikiisha, wakati nyeupe laini inapotea kabisa. Usiichemshe, harufu yote inaruka na mvuke. Ila inuse kwanza, asali ya mizinga ya asili mara nyingi inakuja na moshi, na utamu ukishaondoka huo moshi ndo utausikia wa kwanza.