Lugha na Dini: Ramani Mbili Zisizofuata Njia Moja

Watu wengi huamini kwamba Mwarabu ni Mwislamu na Mwislamu ni Mwarabu. Lakini Wakopti wa Misri na Wamaroni wa Lebanon ni Wakristo tangu enzi na enzi, na nyumbani wanazungumza Kiarabu. Tena, katika kila Waislamu watano duniani, takriban mmoja tu ndiye Mwarabu. Nchi zinazoongoza kwa wingi wa Waislamu ni Indonesia na Pakistan, na hakuna hata moja kati yake inayozungumza Kiarabu.

Simlaumu anayekosea hapo. Ramani tulizosomea zilipaka nchi nzima rangi moja: hii kijani, ile buluu, basi. Mtoto akitazama rangi hizo, lugha, kabila na dini humwingia kichwani kama kitu kimoja. Kumbe ni safari tofauti, kila moja na njia yake.

Hebu tuhesabu kidogo. Mmalagasi wa Madagaska akihesabu kuanzia mbili husema roa, telo, efatra, dimy, kisha akifika saba na nane husema fito, valo. Mmaori wa New Zealand husema rua, toru, whā, rima, na saba na nane kwake ni whitu, waru. Hiyo "wh" hutamkwa karibu na "f", kwa hiyo fito na whitu ni ndugu wa damu. Kimalei kina lima kwa tano. Kihawaii nacho kina lima, na neno hilohilo kwao ni mkono. Kati ya Madagaska na New Zealand kuna bahari nzima ya Hindi na sehemu ya Pasifiki. Mabaharia wa jamii ya Kiaustronesia walisambaza lugha hizi kwa mitumbwi, na waliofika Madagaska walitokea upande wa Borneo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Sasa uliza dini zao. Wamalei ni Waislamu, Wafilipino wengi ni Wakatoliki, watu wa Bali ni Wahindu, na Madagaska Ukristo umekaa pamoja na heshima kubwa kwa wahenga. Ukoo mmoja wa lugha, imani za kila namna.

Mambo hugeuka pia. Papua New Guinea ina lugha zaidi ya 800, nyingi zikiwa zimetenganishwa na milima na mabonde, lakini karibu watu wote ni Wakristo. Lebanon, nchi ndogo inayozungumza Kiarabu, inatambua rasmi madhehebu 18.

Tofauti hii inatokana na namna mtu anavyopokea kila kimoja. Lugha ya kwanza huipati kwa kuichagua. Unaikuta mdomoni mwa wanaokulea. Ukoo ukihama lugha, kwa kawaida ni kazi ya vizazi viwili au vitatu: babu hazungumzi ile mpya, mwana anazungumza zote mbili, mjukuu amebaki na moja. Dini mtu mzima anaweza kuibadili mwaka huuhuu, na mtawala akibadili yake, raia wake wanaweza kumfuata bila kubadili hata neno moja la lugha yao. Kingine ni kwamba mtu hubeba lugha tatu bila kuulizwa, ilhali dini huhesabiwa moja kwa mtu. Hata hilo lina mipaka: Japani, ambako wengi hushiriki Ushinto, dini ya asili ya huko, na Ubudha kwa pamoja, jumla ya waumini wanaotajwa na taasisi za dini huzidi idadi ya watu nchini.

Pale ramani hizi mbili zinapokutana kwa nguvu ni kwenye maandishi, na kwa maoni yangu hapo ndipo somo hili linaponoga. Mzungumzaji wa Kihindi na wa Kiurdu wakikutana sokoni wataelewana vizuri. Wakiandikiana barua, huenda asiwepo wa kuisoma ya mwenzake: Kihindi kimefuata Devanagari, herufi za India, na maneno mazito ya Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vya Wahindu, Kiurdu kimefuata herufi za Kiarabu zilizopitia Uajemi. Wapoland na Warusi wana lugha za ukoo mmoja wa Kislavoni, ila Poland ilipokea Ukristo kutoka Roma mwaka 966 na ikachukua herufi za Kilatini. Watu wa Kyiv, chimbuko la Ukristo wa Warusi, waliupokea kutoka Constantinople, makao ya kanisa la Mashariki, mwaka 988, na Warusi hadi leo wanaandika kwa herufi za Kisirili. Kiyidi kina asili ya Kijerumani, lakini kwa kuwa wazungumzaji wake ni Wayahudi kiliandikwa kwa herufi za Kiebrania. Serikali nayo inaweza kukata kamba hiyo. Mwaka 1928 Uturuki iliacha herufi za Kiarabu na kuchukua za Kilatini, na Waturuki wengi wakabaki Waislamu vilevile.

Maneno ya ibada nayo huvuka mipaka. Malta ni nchi ya Wakatoliki, lakini lugha yao ilizaliwa na Kiarabu, hivyo Mungu wanamwita Alla na Kwaresima wanaiita Randan, kutokana na Ramadhani. Kiswahili chetu kiko hivyohivyo. Mkristo anayesema kanisa, injili na msalaba anatumia maneno yaliyopitia Kiarabu, padri ameletwa na Kireno, na Mungu ni neno la Kibantu.

Dini pia huhifadhi lugha ambazo nyumba zimeziacha. Kikopti bado husikika kanisani Misri, Kigeezi nchini Ethiopia, Kipali katika nyumba za watawa wa Kibudha. Kiebrania kiliishi hivyo kwa karne nyingi, katika sala na vitabu, bila mama wa kukibembelezea mtoto. Kisha Eliezer Ben-Yehuda, Myahudi aliyepigania kukifufua, na mkewe wakaamua kwamba nyumbani kwao mtoto hatasikia lugha nyingine. Mwana wao Itamar, aliyezaliwa Jerusalem mwaka 1882, ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa kwanza wa zama hizi kukua akiwa na Kiebrania kama lugha ya mama.