Kutenganisha uongozaji na uchakataji wa sauti katika muziki wa kompyuta

Mwanamuziki anayetumia kompyuta jukwaani anaiachia kazi mbili kwa wakati mmoja. Moja ni uongozaji: kusoma vitufe, kuchora vitelezi kwenye skrini, kujua noti ipi ilie na lini. Nyingine ni uchakataji wa sauti, yaani kukokotoa namba zinazokwenda kwenye spika. Kuzitenganisha ni kuipa kila kazi programu yake, kisha programu hizo zikawasiliana kwa ujumbe mfupi mfupi.

Kisa ni muda. Sauti ya sampuli (namba zinazopima wimbi la sauti) 48,000 kwa sekunde, ikichakatwa kwa mafungu ya sampuli 64, hudai fungu jipya kila milisekunde 1.3 hivi. Fungu likichelewa, kadi ya sauti inakosa cha kupiga na ukumbi mzima unasikia mkwaruzo. Skrini ikichelewa milisekunde 30 kujichora, nani atajua? Ndiyo maana si busara kuifanya sauti isubiri dirisha lifunguke.

Mfano ninaoupenda ni SuperCollider, mfumo wa kutunga muziki kwa msimbo, maana haikufanya jambo hili nusu nusu. Tangu toleo la 3, programu ya sclang husoma msimbo wa mwanamuziki, na nyingine, scsynth, ndiyo injini inayotoa sauti. Kati yao hupita ujumbe wa OSC (Open Sound Control, utaratibu wa programu za muziki kutumiana maagizo), kwa mfano:

/n_set 1000 freq 440

Hapo nodi namba 1000, yaani chombo kimojawapo kinacholia ndani ya scsynth, inaambiwa ibadili masafa yake yawe hezi 440. Injini haijali agizo limetoka kwa nani, na ndivyo Sonic Pi, programu nyingine ya muziki wa msimbo, nayo inavyoweza kuitumia scsynth hiyohiyo. Hata simu iliyo kwenye mtandao mmoja na kompyuta inaweza kuiagiza. Sclang ikianguka katikati ya onyesho, kwa kawaida sauti iliyokwisha kuanza huendelea kulia.

Utengano huu una gharama zake. Ujumbe haufiki kwa mwendo mmoja, hivyo midundo huweza kuyumba. OSC hutibu hilo kwa muhuri wa muda: agizo hutumwa mapema kidogo likiwa na saa yake, na injini hulingoja. Shida nyingine ni vitelezi vya MIDI (lugha ya kawaida ya vifaa vya muziki vya kidijitali), ambavyo kwa kawaida hutoa namba 0 hadi 127 tu. Ukizipeleka namba hizo kavukavu kwenye ukubwa wa sauti, utasikia ikipanda kwa vidato, mfano wa zipu inayofungwa. Kulainisha vidato hivyo ni kazi ya injini. Ukijaribu kulainisha kwa kumimina mamia ya ujumbe kila sekunde, utaongeza msongamano tu.