Je, wajua? California, mkandarasi asiye na leseni anaweza kudaiwa arudishe malipo yote

Nyumba imekwisha, kuta zimenyooka, paa halivuji, na mwenyewe amelipa dola 80,000 bila kinyongo. Miezi minane baadaye anagundua kuwa mkandarasi wake hakuwa na leseni. Anakwenda mahakamani kudai dola zote 80,000, na nyumba ibaki kuwa yake. Katika jimbo la California, Marekani, sheria iko upande wake.

Wengi huamini kwamba anayejenga bila leseni hutozwa faini tu, na kwamba kazi ikiwa nzuri lazima ilipwe. Faini ipo, lakini si hiyo inayofilisi makandarasi. Kinachowafilisi ni kifungu cha 7031 cha Sheria ya Biashara na Taaluma ya jimbo hilo. Kina makali mawili: asiye na leseni hawezi kushtaki ili alipwe, na aliyekwisha kumlipa anaweza kudai fedha zake zirudi. Gharama ya saruji, mbao na vibarua haikatwi. Mahakama haiulizi kama kazi ilikuwa na thamani, wala kama mwenye nyumba alijua tangu mwanzo kuwa leseni haikuwepo.

Fikiria timu iliyomchezesha mchezaji ambaye hajasajiliwa. Hata akifunga mabao matatu safi, kamati haikai kupima uzuri wa mabao. Inatazama usajili, kisha inapokonya pointi. Kama aliingia dakika moja tu, ni vilevile. Na wapinzani kumjua kabla ya mechi hakumfanyi awe amesajiliwa. Kifungu cha 7031 kinafuata mantiki hiyohiyo: leseni iwe hai muda wote wa kazi, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Ukali huu ni wa makusudi. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya kampuni ya New York, Hydrotech, iliyofunga mitambo ya mawimbi kwenye bwawa la burudani huko Palm Springs bila leseni ya California. Kampuni ilidai kwamba ililaghaiwa: iliahidiwa malipo na watu ambao hawakuwa na nia ya kulipa. Mahakama ilisema hata ikiwa ni kweli, dai la malipo halisimami. Lengo ni kumfanya asiye na leseni aogope kuigusa kazi yenyewe.

Kwa aliyezoea Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania au Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya Kenya, ambazo usajili wake ni wa nchi nzima (kwa Tanzania, Bara nzima), hapa pana mtego. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Texas haina leseni ya jimbo kwa mkandarasi mkuu wa majengo, ingawa mafundi umeme na mabomba wanahitaji leseni. California inaitaka kwa kazi yoyote ya dola 1,000 au zaidi, vifaa na ufundi vikijumlishwa. Kabla ya Januari 1, 2025 kiwango kilikuwa dola 500. Kuigawa kazi moja katika ankara tatu ndogo hakusaidii. Hata kazi iliyo chini ya kiwango hicho inahitaji leseni ikiwa lazima iwe na kibali cha ujenzi, au ukiajiri msaidizi. Kuipata kunataka uzoefu wa miaka minne ndani ya miaka 10 iliyopita, kwa kawaida mitihani miwili (ya sheria na biashara, na ya fani yenyewe) pamoja na dhamana ya dola 25,000.

Wanaoumia zaidi, na hapa moyo wangu uko kwa makandarasi wadogo, ni wale wanaoamini kuwa leseni wanayo. Fundi mwenye leseni ya jina lake anafungua kampuni, kisha anasaini mkataba kwa jina la kampuni: kampuni hiyo haina leseni mpaka ipate yake. Au bima ya fidia kwa wafanyakazi inakatika katikati ya kazi, na leseni inasimamishwa yenyewe kwa nguvu ya sheria. Au yule ambaye sifa zake ndizo zilizoipatia kampuni leseni anaondoka, na siku 90 zinapita bila mbadala.

Mlango wa kutokea upo, ila ni mwembamba. Mkandarasi athibitishe kwamba alikuwa na leseni kabla ya kazi kuanza, kwamba alijitahidi kwa nia njema kuitunza, na kwamba alirekebisha kasoro mara tu alipoijua. Ambaye hakuwahi kuwa nayo hapiti hapo. Dai la kurudishiwa malipo nalo lina ukomo: mahakama za rufani za jimbo zimesema ni mwaka mmoja tangu kazi ikamilike au isimame. Mwaka huo ukipita, mkandarasi anabaki na alicholipwa, lakini salio ambalo hakulipwa bado hawezi kulidai.