Uskoti: vazi lililopigwa marufuku likageuka vazi la taifa

Kwenye meza ya ukumbi wetu wa maonyesho kuna vazi ambalo halikosi kuwachekesha wanafunzi: sufi nzito yenye mistari ya kijani, buluu na nyekundu inayokatana, imekunjwa mikunjo mingi nyuma na ina vijikanda vya ngozi kiunoni. "Hii sketi ya nani?" Tukijibu kwamba ni ya mwanaume, tena huivaa siku ya harusi yake, kicheko huanza upya. Hapo humwita kijana mmoja ainyanyue. Akiishika tu, kicheko humkatika, kwa sababu humo ndani zimeingia takriban mita 7 za kitambaa. Jina lake ni kilti, na kwa kuwa haina mifuko, mbele huning'inizwa kimkoba cha ngozi.

Kabla ya kilti, neno moja kuhusu nchi yenyewe. Sisi tunaosema Kiswahili hutumia jina Uingereza kwa kila kitu cha kule, na Mskoti ukimwita Mwingereza atakurekebisha palepale. Uskoti ilikuwa ufalme unaojitegemea hadi muungano wa mwaka 1707, na hata baada ya hapo ilibaki na mahakama zake, kanisa lake na mfumo wake wa shule. Bunge lake lilirudi Edinburgh mwaka 1999.

Tukirudi mezani, kilti hii fupi ni mtoto wa vazi kubwa zaidi. Tangu karne ya 16 watu wa Nyanda za Juu, yaani milima na visiwa vya kaskazini na magharibi, walijifunga kitambaa kirefu kisichoshonwa. Sehemu ya chini ilikunjwa na kukazwa kwa mkanda, ya juu ikatupwa begani. Anayeijua lubega haitaji maelezo zaidi. Mvua ikinyesha unajifunika kichwa. Usiku ukikukuta mlimani unafungua mkanda, nguo inakuwa blanketi. Ile miraba nayo ni kazi ya mfumaji: rangi hupangwa kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu, kwa hesabu fulani, kisha hesabu ileile ikarudiwa kwenye mshindio, yaani nyuzi za kukatiza.

Watu wa kusini, kwenye mashamba na miji, hawakuvaa hivyo. Kwao mtu wa milimani alikuwa mshamba na mwizi wa ng'ombe. Kisha likaja jaribio la mwanamfalme Charles Edward Stuart la kukirudisha kiti cha enzi kwa ukoo wake, akisaidiwa sana na koo za milimani. Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanda wa Culloden, jeshi lake lilivunjwa kwa muda usiotimia saa moja. Serikali ikageukia nguo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1747, mwanaume au mvulana wa Nyanda za Juu aliyekutwa na kilti alifungwa miezi 6. Akirudia, alipelekwa makoloni ng'ambo kwa miaka 7. Waliosalimika ni askari wa jeshi la mfalme. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1782, baada ya miaka 35.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana kwangu ndicho kiini cha habari yote. Agosti 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh. Mwandishi Walter Scott, aliyepewa kazi ya kupanga mapokezi, akawataka waheshimiwa wa mji wavae kilti, wakiwemo wale ambao babu zao waliicheka. Mfalme mwenyewe akavaa. Baada ya hapo kila familia ikataka miraba yake, na wafumaji wakapata biashara nono. Ndugu wawili waliodai kuwa wajukuu wa yule mwanamfalme wakachapisha, mwaka 1842, kitabu cha miraba ya koo "za kale" ambacho baadaye kilibainika kuwa cha kughushi. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa miraba hii ni ya ukoo wake tangu enzi na enzi, mwitikie kwa adabu tu.

Wakati mji ukishangilia vazi, wenye vazi walikuwa wakifukuzwa. Huko Sutherland, katika miaka ya 1810, maelfu ya wakulima walitolewa mabondeni ili kondoo wapate malisho. Wengi waliishia pwani, wengine Kanada.

Lugha yao haikupata bahati ya nguo. Kigaeli ndicho kilicholeta neno la ukoo, *clann*, ambalo maana yake ni watoto, na lile Mac unalolisikia kwenye majina ni sawa na bin: MacDonald ni bin Donald. Mwanamke, kwa Kigaeli, huwa Nic, kama binti. Shule zilipofanywa za lazima mwaka 1872, sheria haikukitaja kabisa Kigaeli, na watoto waliadhibiwa kwa kukizungumza. Katika baadhi ya shule mwenye kosa alivishwa kijiti kwa kamba shingoni, akakaa nacho mpaka mwingine ateleze. Wasomaji wa Kenya waliowahi kuvishwa kibao kwa kusema lugha ya mama wanaijua aibu hiyo. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wapatao 57,000 tu.

Kusini kuna Kiskoti, lugha ndugu ya Kiingereza, na fahari yake ni mshairi Robert Burns, mtoto wa mkulima aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1759. Kila mwaka usiku huo huandaliwa karamu. Chakula kikuu huingia kikisindikizwa na zumari la mfuko: ni hagisi, yaani moyo, maini na mapafu ya kondoo vilivyokatwakatwa, vikachanganywa na nafaka ya oti, vitunguu, mafuta na pilipili manga, kisha vikachemshwa ndani ya tumbo la kondoo. Mwenyeji huisomea shairi la sifa, akifika mstari wa kisu huipasua. Walaji wa mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, hawataona ajabu.

Sikukuu kubwa zaidi, hata hivyo, ni mwaka mpya. Kanisa la Kiprotestanti la Uskoti lilichukia Krismasi kiasi kwamba haikuwa siku ya mapumziko rasmi Uskoti hadi mwaka 1958, hivyo furaha yote ikahamia usiku wa Desemba 31. Kabla ya saa sita nyumba hufagiliwa, majivu ya mekoni yatolewe, na madeni yalipwe ikiwezekana. Saa ikigonga huimbwa ule wimbo wa kukumbuka siku za kale alioutengeneza Burns kutokana na wimbo wa zamani. Mikono hupishanishwa kifuani kwenye ubeti wa mwisho tu, ingawa wageni hukimbilia kuipishanisha tangu mwanzo.

Kisha husubiriwa mguu wa kwanza kuvuka kizingiti. Mwenye nywele za manjano ni nuksi. Anayetakiwa ni mwanaume mrefu mwenye nywele nyeusi, mkononi ameshika kipande cha makaa ya mawe, biskuti za siagi na chochote cha kunywa. Ndugu zetu mnaoishi Glasgow au Aberdeen, msishangae jirani akibisha Desemba 31 mchana kuuliza kama usiku mtakuwa na nafasi.