Dozi ya mionzi kwenye CT scan ya kichwa maana yake nini

Watu wengi wakiandikiwa CT scan ya kichwa wanauliza bei, wachache wanauliza mionzi, na hao wachache wanajibiwa "haina shida" yameisha hapo. Mgonjwa anastahili kuelewa zaidi ya hivyo.

Kwanza tusichanganye mashine. MRI haina eksirei kabisa, inatumia sumaku yenye nguvu sana pamoja na mawimbi ya redio, ndo maana unavuliwa saa na hereni na unaulizwa kama una chuma mwilini. CT scan ndo yenye mionzi, ni eksirei ileile tunayoijua ila hapa inazunguka kichwa huku inapiga, halafu kompyuta inaunganisha kila kitu inakutolea ubongo kipande kwa kipande.

Dozi ni kiasi cha mionzi ulichopokea, na inatajwa kwa vipimo viwili. Kuna miligrei, hii inaangalia nishati iliyoingia sehemu iliyopigwa, kwa kichwa cha mtu mzima mara nyingi inakuwa kama 50 au 60. Halafu kuna milisivati, inayokadiria hatari kwa mwili mzima, na CT moja ya kichwa huwa kama 2. Sasa binadamu anayeishi tu bila kupimwa chochote anapata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, kwa hiyo kipimo kimoja ni karibu mionzi ya mwaka mzima unaipata ndani ya sekunde chache. Hatari ya kupata saratani baadaye ni ndogo sana, ila ipo.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba dozi inapangwa, mtu anakaa kwenye kompyuta ya mashine anaiweka. Pale hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, Marekani, mwaka 2008 walibadilisha mipangilio ya kipimo kinachoangalia damu inavyopita kwenye ubongo kwa wanaoshukiwa kiharusi, kipimo ambacho mashine inarudia kupiga sehemu ileile mara nyingi. Kosa likakaa miezi 18 na wagonjwa 206 wakapigwa kama mara nane ya kiwango kilichotakiwa, badala ya nusu grei (yaani miligrei 500) wakapata grei 3 hadi 4. Baadhi ngozi ikawa nyekundu na nywele zikanyonyoka, na mgonjwa mmoja kulalamika nywele ndo kulifanya kosa ligundulike 2009. Inaniuma kwa sababu mashine hizi zinaonyesha namba ya dozi kwenye skrini kabla ya kupiga, ni kuisoma tu.

Watoto ndo wa kuwaangalia zaidi, seli zao bado zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele ya saratani kujitokeza. Utafiti wa Uingereza wa 2012 ulikadiria kwamba wakipigwa CT ya kichwa watoto 10,000 wa chini ya miaka 10, ndani ya miaka 10 inaongezeka kama leukemia (saratani ya damu) moja na uvimbe mmoja wa ubongo. Kwa hiyo mtoto akianguka, akalia kidogo akarudi kucheza, hatapiki, hajapoteza fahamu, daktari akishamkagua anaweza kuona inatosha kumwangalia kwa saa kadhaa bila CT, hapo hajakunyima huduma. Na akihitaji kupigwa, uliza kabisa kama mashine imewekwa kipimo cha mtoto.

Ila tafadhali mtu asisome hapa akakataa CT. Kiharusi, ajali mbaya, kichwa kuuma vikali ghafla, pale damu ikivuja ndani ya ubongo CT inaionyesha kwa dakika chache na MRI inachukua muda mrefu zaidi, mgonjwa anaweza kufa mnasubiri. Hata mjamzito, mionzi inalenga kichwa na inayofika kwa mtoto tumboni ni kidogo mno, we waambie tu una mimba.

Dozi nyingi za bure zinatokana na kurudia. Mgonjwa anapewa rufaa, anafika hospitali ya pili hana picha, wanampiga upya siku hiyohiyo. Kabla hujaondoka omba CD au filamu pamoja na ripoti, picha zenyewe ndo muhimu zaidi maana daktari wa pili atataka kuziangalia kwa macho yake.