Je, wajua kwanini anime ya Kijapani inachorwa Manila na Seoul?

Siku ukimaliza episodi ya anime, yaani zile katuni za Kijapani, usikimbilie inayofuata, acha yale majina ya waliotengeneza yanayotokea mwishoni yapite yote. Yataanza ya Kijapani, mengi tu, halafu yanaingia ya Kikorea, ya Kichina, ya Kifilipino, tena kwa makundi. Wengi wanadhani haya mambo yameletwa na intaneti, kumbe Wajapani walishaanza kupeleka kazi Korea Kusini tangu mwishoni mwa miaka ya 60, na Toei, hao hao wa Dragon Ball na One Piece, wana studio yao Ufilipino toka 1986.

Sasa nchi tajiri vile, yenye wachoraji wa kumwaga, kwanini isichore yenyewe?

Ni hela, ila sio kwamba hela haipo. Ripoti ya chama cha watengenezaji anime wa Japani inaonyesha soko zima mwaka 2023 lilipita yen trilioni 3.3 na zaidi ya nusu ya hizo zilitoka nje ya Japani. Ishu ni inapoishia. Anime nyingi zinagharamiwa na kamati, yaani kituo cha tivii, wachapishaji wa manga (vitabu vya katuni za Kijapani), kampuni ya muziki, ya midoli, kila mmoja anatia chake na wao ndio wanakuwa wenye haki na wanaogawana faida. Studio inayochora mara nyingi haimo kabisa au ina kipande kidogo sana. Ni kama fundi aliyejenga ghorofa Kariakoo, kalipwa ufundi wake kaondoka, kodi ya wapangaji haimhusu hata jengo likijaa.

Kwa malipo haya madogo ya studio kuna watu wanamlaumu Osamu Tezuka, mchoraji na mtengenezaji wa katuni wa Kijapani. Tarehe 1 Januari 1963 katuni yake ya Astro Boy ilianza kurushwa Fuji TV, na jamaa aliiuza kwa bei iliyokuwa chini ya gharama akitegemea kufidia kwa bidhaa na mauzo ya nje, basi ikawa ndio bei ya mtaa. Kampuni yake ya Mushi ikafilisika 1973. Mimi naona ni kumuonea tu, mtu kafariki 1989, hao waliokuja baadae nani aliwazuia kupandisha bei?

Tuingie jikoni kidogo. Mchoraji mkuu anachora mikao muhimu ya tukio, mfano mkono uko chini halafu mkono umeshafika usoni kwa mtu. Zile hatua za katikati zinachorwa na mwingine, moja moja, kwa mistari safi, kisha zinakwenda kupakwa rangi. Episodi moja inaweza kula michoro elfu tatu, elfu nne na zaidi. Huyu wa katikati kwa miaka mingi amekuwa akilipwa kwa mchoro, na bei inayotajwa sana ni kama yen 200, ambayo ni elfu tatu na ushee ya kibongo. Unaweza kusema si mbaya, lakini piga hesabu, akichora 20 kwa siku bila kukosea, siku 25, anapata yen laki moja, na hapo anaishi Tokyo, analipa kodi, anakula, anapanda treni. Utafiti wa JAniCA, chama cha wachoraji, uliotoka 2015 ulikuta wa daraja hili wanapata wastani wa yen milioni 1.1 kwa mwaka mzima. Ndo maana wengi wanaacha mapema, na anayebaki mara nyingi anatumiwa hela na wazazi.

Kwahiyo kazi ikawa inakosa watu huku ratiba zinabana, na baada ya 1985 yen ikapanda sana dhidi ya dola, mchoro uliochorwa Seoul au Manila ukazidi kuwa rahisi. Zamani michoro ilikuwa inasafiri kwenye bahasha, kila kipande cha tukio na bahasha yake yenye namba, inapandishwa ndege na kurudi kwa ndege. Sa hivi ni faili tu. Na tuwatendee haki hao wa nje, sio vibarua wa kubahatisha, hata Spirited Away, filamu ya studio maarufu ya Ghibli, ilipozidiwa na muda sehemu ya michoro ya katikati na rangi ilikwenda Korea.

Hasara ambayo haisemwi sana ni kwamba ile kazi ya katikati ndiyo ilikuwa shule. Kijana anachora hatua za mkono miaka miwili mitatu, mkubwa anamrudishia na kumuonyesha alipokosea, mwisho naye anakuwa mchoraji mkuu. Ukihamisha shule nje ya nchi usishangae miaka ishirini mbele ukikosa walimu. Studio ya Kyoto Animation walikataa huo mtindo, wakaajiri watu kwa mshahara na kuwafundisha wenyewe, na ubora wao unauona kwa macho.

Halafu kazi ikishatoka inaweza kutolewa tena kwa mwingine na mwingine. Aprili 2024 watafiti wa 38 North, tovuti inayochambua mambo ya Korea Kaskazini, walieleza seva ya Korea Kaskazini iliyoachwa wazi, ndani kuna mafaili ya katuni, yakiwemo ya Invincible ya Marekani na yanayofanana na ya anime moja ya Kijapani. Maelekezo yameandikwa Kichina na kutafsiriwa Kikorea, mojawapo likimtaka mchoraji arekebishe umbo la kichwa cha mhusika. Hawakukuta dalili kwamba kampuni zenyewe zilijua, ila walihisi imepitia mtu wa kati China.

Na kibao nacho kimeanza kugeuka. Mishahara China imepanda, yen imeshuka mpaka 2024 dola moja ikapita yen 160, na sa hivi kuna kampuni za Kichina zenye studio Tokyo zinazoajiri wachoraji wa Kijapani wachore katuni za Kichina, na kwa baadhi yao malipo ni mazuri kuliko ya nyumbani.