Je, wajua kwa nini gari kuukuu hukosa breki kwenye mteremko mrefu?

Mwenye Datsun 1200, Beetle au Land Rover ya miaka ya 60 hapa Nakuru atakuambia gari lake lina breki nzuri, na hasemi uongo. Mjini linasimama pale anapotaka lisimame. Lakini mpeleke Timboroa, gari likiwa limejaa abiria na mizigo, kisha ashuke kurudi nyumbani akikanyaga breki kila kona. Akikaribia Salgaa, pedali inazama, harufu ya kuungua inaingia ndani, na anaanza kupiga pampu. Gari ni lile lile na breki ni zile zile. Kilichoongezeka ni joto.

Piga hesabu kidogo. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Gari la kilo 1,200 likishuka mita hizo 850, lina takriban megajuli 10 za nishati ambazo ni lazima ziishie mahali. Joto la kiasi hicho lingechemsha lita 30 za maji baridi. Upepo unachukua sehemu yake, na injini inachukua sehemu nzuri ukiwa gia ya tatu au ya pili. Anayeteremka na nyutro ili kuokoa petroli, na wapo wengi, ameuondoa msaada wa injini kwa mkono wake mwenyewe. Kinachobaki chote kinaenda kwenye breki.

Sasa fungua tairi la mbele utazame dramu. Ni chungu cha chuma kinachozunguka, na ndani yake zimo breki shuu mbili, yaani vipande vya upinde vyenye kitambaa cha msuguano, zinazosukumwa nje hadi ziguse ukuta wake. Dramu inapozunguka huivuta shuu ya mbele na kuzidi kuibana, kwa hiyo breki inajisaidia yenyewe. Ndiyo sababu magari ya zamani yalitosheka na mguu wa dereva bila busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya kukanyaga. Lakini msaada huo ni upanga wenye makali kuwili: shuu ikipata joto na kuanza kuteleza, nguvu ya kujibana nayo inapungua papo hapo, hivyo hasara kidogo inakuwa hasara kubwa. Juu ya hayo, chuma kikipata moto hutanuka. Dramu inatanuka kwenda nje, mbali na shuu, na pedali inabidi ishuke zaidi ili kuzifikisha. Joto lenyewe limefungiwa ndani, halina pa kutokea. Maji nayo ni hivyo hivyo. Ukikatiza barabara iliyofurika kule Ahero wakati wa masika, yanabaki ndani ya dramu na breki hazishiki mpaka uzikaushe kwa kukanyaga taratibu.

Breki ya diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, iko wazi. Pedi mbili, vipande vya msuguano, zinaibana kutoka pande zote mbili, upepo unaipuliza, maji yanarushwa nje, na ikipata joto inatanuka kuelekea pedi, si kuzikimbia. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans ikiwa na diski za Dunlop, na kufikia 1955 Citroën DS ilikuwa ikiuzwa na diski mbele. Magari ya bei ya chini yalisubiri miaka mingi zaidi, na ndiyo hayo tunayoyafufua leo.

Ukitaka kuondoa dramu na kuweka diski, habari njema kwa mfuko ni kwamba huhitaji diski nne. Ukifunga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi na kubeba sehemu kubwa ya joto. Acha dramu za nyuma zilivyo. Tena hizo ndizo zinazoshika handbreki, na kuhamishia handbreki kwenye diski ni gharama nyingine kabisa.

Njia rahisi kuliko zote ni kutafuta ndugu wa gari lako. Watengenezaji walikuwa wakitoa muundo mmoja kwa ladha tofauti: baadhi ya Datsun 1200 zilitoka kiwandani na diski mbele, na vifaa vya 120Y iliyoifuata huingia bila vita kubwa. Beetle 1500 ya kuanzia Agosti 1966 ilipewa diski kwa soko la Ulaya, na Karmann Ghia ya wakati huo pia. Ukipata gari la namna hiyo limelazwa, chukua mguu mzima: stabu (ekseli fupi inayobeba gurudumu), habu (kitovu cha gurudumu), diski, kalipa (kifaa kinachobana pedi) na kishikio chake. Kimoja kimoja utajuta. Land Rover Series, ile ya miaka ya 60, ni kesi ngumu zaidi. Diski za mbele za kiwandani zilikuja na Land Rover One Ten mwaka 1983, na kubadilisha ekseli nzima si kazi ya bei nafuu. Kwa hiyo, mimi ningemshauri mwenye Series akereze dramu, anunue shuu na mipira mipya, arekebishe nafasi ya shuu vizuri, na aheshimu gia zake.

Kalipa na stabu za mtumba hazina ubaya. Diski ya mtumba pia, mradi uipime: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa huwa umechongwa kwenye diski yenyewe. Vya kununua vipya ni pedi, mipira ya kalipa, paipu za mpira na mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Mafuta yakichemka, unakanyaga mvuke.

Fundi wa jua kali akikuambia atachomelea kishikio cha kalipa kwenye stabu, mshukuru na uondoke. Stabu imefuliwa kwa chuma kigumu, na joto la kuchomelea hukidhoofisha mahali usipopaona. Kishikio kikatwe kwenye bamba nene na kifungwe kwa bolti za gredi ya uimara 8.8 kwenda juu, kwenye matundu yaliyokuwa yakishika bamba la dramu.

Kisha masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, ambayo watu huisahau. Ya dramu huwa na valvu ndogo kwenye tundu la kutokea, inayobakiza presha kidogo ndani ya paipu. Ikiachwa kwenye njia ya diski, pedi hazitaachia. Diski pia haijisaidii kama dramu, kwa hiyo inahitaji presha kubwa zaidi. Hapo mtu hukimbilia masta silinda kubwa akidhani ndiyo yenye nguvu. Ni kinyume. Ukitoka kipenyo cha milimita 19 kwenda 22, eneo la pistoni linaongezeka kwa thuluthi, na mguu wako lazima usukume kwa thuluthi zaidi kupata presha ile ile. Kubwa husukuma mafuta mengi, ndogo huleta presha. Ukipata ya lile gari ndugu, umemaliza ubishi. Na kama gari lako lina masta silinda ya njia moja, huu ndio wakati wa kuweka ya njia mbili, ili paipu moja ikipasuka ubaki na nusu ya breki.

Kabla ya kufunga diski, jaribu rimu. Rimu nyingi za inchi 13 za zamani hugusa kalipa. Ukishatoa hewa kwenye paipu za breki, pandisha gari kwa jeki, kanyaga breki na uachie, kisha zungusha tairi kwa mkono: msuguano mwepesi wa pedi ni sawa, kukwama si sawa. Endesha kilomita chache kwenye barabara tambarare bila kufunga breki sana, simama, usogeze kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna pedi isiyoachia, na safari ya Timboroa isubiri.